Nani Ana Haki ya Kutaja?

Anayetafuta maandiko kuhusu kilimo cha viazi mviringo atazikosa kurasa zilizoandikwa "mbatata", na aliyezoea kusema "viazi ulaya" atazikosa zote. Zao ni lile lile, udongo ni ule ule, ugonjwa unaonyausha majani ni mmoja. Ndiyo maana wakutubi hutunga tesauri, yaani orodha ya istilahi ambamo kila dhana hupewa jina moja rasmi, na majina yake mengine huandikwa pembeni yakifuatwa na neno "tumia": mbatata, tumia viazi mviringo. Chini ya jina rasmi huonyeshwa dhana iliyo pana zaidi, iliyo finyu zaidi, na zile zinazokaribiana nayo. Kazi hii huhesabiwa kuwa ya kiufundi tu. Kwangu mimi ni suala la maadili, na lina mizizi katika dini: anayechagua jina moja kati ya matatu amepewa na nani mamlaka hayo?

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje, na alivyowaita ndivyo walivyoitwa. Katika Sura ya Al-Baqara ya Kurani, Nabii Adam hatungi majina, bali anafundishwa. Masimulizi yote mawili yanalipa heshima tendo la kutaja, ila katika la kwanza jina linatoka kinywani mwa binadamu, na katika la pili ni elimu anayokabidhiwa. Mtunga orodha hujiona kama Adamu wa Mwanzo. Nadai kwamba haki yake inaanzia kwa yule wa pili: jina alipokee kwa wanaolitumia, na kwa wanaoitwa kwalo.

Tazama yaliyotokea pale alipojitungia mwenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya vichwa vya mada inayofuatwa na maktaba nyingi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkutubi Mmarekani Sanford Berman alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, na humo katalogini alikuta watu wa kusini mwa Afrika wamewekwa chini ya kichwa "Kafirs". Kwetu kafiri ni anayemkana Mungu, neno zito lakini la kidini. Kusini mwa Afrika walowezi walikwisha kuligeuza tusi la rangi, na Wazambia walimweleza hivyo waziwazi. Fikiria mwanafunzi wa Lusaka anayetaka kusoma historia ya jirani zake: ili kukipata kitabu, sharti kwanza aandike tusi. Mwaka 1971 Berman alichapisha kitabu kizima kuhusu vichwa vya aina hiyo, na mapendekezo yake mengi yalikubaliwa baadaye.

Wapo watakaosema jina ni alama tu, mradi kitabu kipatikane. Lakini alama hiyo inakaa mlangoni, na kila anayeingia huisoma kabla ya kitu kingine chochote. Wengine watasema kompyuta imeondoa haja ya orodha, kwa kuwa hutafuta kila neno ndani ya maandiko. Hutafuta, naam, lakini neno ulilolitaja. Mitambo mipya inayokisia visawe nayo inakisia kutokana na maandiko iliyolishwa, na lugha yenye maandiko machache hukisiwa vibaya. Pingamizi zito kuliko yote ni hili: tukipokea kila jina, utaratibu utavunjika. Jibu limo ndani ya tesauri yenyewe. Katika AGROVOC, tesauri ya kilimo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kila dhana ina alama yake isiyo neno la lugha yoyote, na majina ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, yamefungwa kwenye alama hiyo. Utaratibu unadai dhana iwe moja. Haudai majina mengine yafe.

Basi wakutubi wetu wanaotunga orodha za Kiswahili wasiifunge kazi mezani. Waende sokoni Unguja, Mbeya na Bukavu, waulize kiazi hiki kinaitwaje, na kila jina watakalopewa waliandike, hata kama mbele yake litafuata neno "tumia".