Kituo kisicho na shefu



Safari hii tunataka kuongea juu ya reli. Sisi wa Musonoi hatuhitaji kuelezwa reli ni kitu gani. Kolwezi yetu imekaa juu ya njia inayotoka Tenke kwenda Dilolo, njia iliyomalizika mwaka 1931 ili shaba ya Katanga ifike bahari ya Lobito. Wazee wanakumbuka vituo vidogo vya porini na shefu wa kituo aliyekata tiketi na kuamuru nani apande na nani abaki. Leo kuna vituo ambamo majani ndiyo yanapokea wageni. Na hapo swali letu linazaliwa: mahali ambapo hakuna mtu wa kutuangalia, sisi ni watu wa namna gani?

Inchi ya Japani inajua vituo vya namna hiyo. Karibu nusu ya vituo vyake vya reli havina mfanyakazi hata mmoja. Katika vingi, abiria anashuka, anatia tiketi yake ndani ya sanduku, anaenda zake. Katika kisiwa cha Hokkaido kulikuwa na kituo kimoja, Kyu-Shirataki, ambacho mwishoni abiria wake wa kila siku alikuwa mwanafunzi mmoja tu. Kilifungwa Machi 2016. Wengi wakisikia habari ile wanasema: angalieni wenzetu walivyo waaminifu! Ni kweli. Lakini tusisahau upande wa pili. Kule gari la moshi lilisimama kwa ajili ya mtoto mmoja. Ni vyepesi zaidi kuwa mwaminifu kwa gari linalosimama.

Kwetu watu wanapanda gari ambalo halikuja kwa ajili yao. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, gari la mizigo lililotoka Luena kwenda Tenke liliacha reli karibu na Buyofwe, katika eneo la Lubudi, na mabehewa yakaanguka bondeni. Watu 75 walikufa. Gari lile halikuwa la abiria. Na upande uleule wa Buyofwe, Novemba 2017, gari lililobeba mafuta lilikuwa limekwisha kuanguka na kuua watu zaidi ya 30. Kwa hiyo watu walijua, na walipanda tena.

Nani mwenye kosa? Wako wanaojibu mbio: ni wao wenyewe, walipanda kwa wizi. Sisi hatukubali jibu hilo. Mama mwenye mfuko wa mahindi, ambaye barabara imeharibika na gari la abiria halijulikani litakuja siku gani, huyu tumwite mwizi? Deni la tiketi analo, ndiyo, hatulifuti. Lakini ni deni dogo. Kama yuko mtu anayepokea pesa mkononi ili awapange watu juu ya matangi ya mafuta, deni la huyu ni kubwa. Na yule anayekata waya wa shaba wa reli usiku kwenda kuuuza, deni lake litalipwa na watoto ambao hatawaona kamwe.

Wengine watasema: Mungu anaona! Neno hilo ni la kweli, lakini tunalitumia vibaya. Tunamfanya Mungu kuwa shefu wa kituo, na sisi abiria tunaongojea ageuze kichwa. Mtumwa yule wa Injili ambaye bwana wake alikawia alianza kupiga wenzake. Angalieni vizuri, hakula na kunywa tu, alipiga wenzake. Mahali pasipo mlinzi, wa kwanza kuumia ni jirani.

Kanisa letu linajua kukaa bila msimamizi. Tangu Septemba 1921 Papa Simon Kimbangu alikuwa kifungoni, mpaka alipofariki hapa Katanga, Élisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Ruhusa ya serikali ilikuja Desemba 1959 tu. Miaka ile Mama Mwilu Marie alibeba kazi kwa siri. Hakuna aliyehesabu nani amekuja kusali na nani hakuja. Na aliyekuja alipata hatari, hakupata sifa. Upendo, Amri, Kazi vilishikwa gizani. Upendo umetajwa wa kwanza, nasi tunaona kuna sababu: mwenye kupenda haulizi nani ananiona, anauliza nani ataumia.

Basi tuanze na karibu. Katika parokia yetu wamo wenye ndugu upande wa Luena na Lubudi. Mama akitaka kusafiri na mahindi yake, tumuulize mapema lori ni bei gani, na kinachopungua tukichange sisi kabla hajafika kwenye reli.