Nimechoka Tu

Mchumaji hodari wa chai haangalii anachokata. Vidole vyenyewe vinayajua majani mawili na chipukizi, vinaliacha jani gumu, vinasonga. Hakuzaliwa na vidole hivyo. Alisimama mstarini kando ya mama au shangazi akiambiwa mara elfu: hili ndilo, hili silo.

Jirani yangu wa Litein alikuwa na vidole hivyo. Mashine za kuchuma, zile ambazo watu wa Kericho walizichoma moto mwaka 2023, zilimwondolea kibarua. Kisha akamzika kaka yake. Sasa kila jioni anapitia kwa mama pima, muuza pombe. Ukimuuliza ana nini, hujibu: “Nimechoka tu.” Hasira ya kazi, aibu mbele ya watoto, msiba, vyote kwake ni uchovu. Na uchovu ameupatia dawa moja.

Mwaka 1973 daktari wa akili Peter Sifneos alitunga neno aleksithimia kutokana na Kigiriki: kukosa maneno ya hisia. Tafiti nyingi zimeikuta hali hiyo zaidi kwa walevi kuliko kwa watu wengine, ingawa vitu kukutwa pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine.

Jina hilo silikubali lote. Maneno hatukosi: moyo mzito, roho juu, uchungu, simanzi. Naweza kukueleza simanzi ni nini, nisijue kwamba ndiyo iliyonikaba tangu asubuhi. Hisia iko kama jani lilivyo kichakani, lakini kuitenga na nyingine ni kazi ya kufundishwa, na hufundishwa na mtu aliyesimama karibu. Vijana wetu wa kiume hufundishwa jandoni kwamba kisu kinapopita, uso usisogee. Ujasiri huo nauheshimu kwa dhati. Ila uso uliofungwa miaka thelathini humficha mtu hata nafsi yake. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 iliwekea baa saa za kufungua na kufunga. Huku ndani ya mtu haifiki.

Juzi sikumuuliza ana nini. Nilimuuliza, “Mzee, inakukalia wapi?”

Alinyamaza muda mrefu. Akaweka kiganja chini ya kifua, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai ya shamba lake dogo. “Hapa. Kama kuna mtu ameketi.”

“Mtu gani?”

Akamtaja kaka yake kwa jina. Kisha akainuka kwenda kwa mama pima, giza likiwa limeshaingia.