Mzazi anayelia si mwenye imani haba



Mjamzito au mzazi akilia kila siku, halali, hataki hata kumshika mwanawe, sisi hukimbilia kusema: "Imani yake ndogo," au "Kaingiliwa na jini."

Turejee Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26. Bi Maryam (a.s.), mwanamke aliyetakaswa, uchungu ulipomshika alitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Je, Allah (S.W.) alimkemea? Hapana. Alimliwaza, akampa maji na tende, na akamwondolea mzigo wa kujibizana na watu.

Hilo ni funzo kwetu akina baba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Maradhi hayo yanatibika. Basi mpikie, pokea mtoto usiku ili alale, na zuia maneno ya watu. Huzuni ikizidi wiki mbili, mpeleke hospitali. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Mpeleke saa hiyo hiyo. Dua na daktari havipingani.

Allah atuwafikishe. Amin.