Kuponyokwa na Kuweka Chini

Mwezi uliopita nilialikwa kikao cha jamaa nyumbani kwa jirani yangu, mtaa wa Mwakingali, hapa Voi. Jambo lilikuwa moja tu. Mke wa kijana wao ameitwa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, tawi la Mombasa, kusomea uuguzi, diploma ya miaka mitatu, naye ana mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi tisa ambaye bado yuko titini. Maneno yalikwenda yakarudi saa nzima, chai ikapoa. Kisha mzee mmoja akajikohoza, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka," akanyamaza. Vichwa vikaitikia. Kikao kikafungwa kwa sala, na yule mama kijana akainuka kuokota vikombe.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na hakuna kinachonikera kama methali kugeuzwa kufuli. Mtu akishindwa na hoja huchomoa methali, akaifunga nayo milango yote, halafu husifiwa kwa hekima. Siku hizi imekuwa mbaya zaidi: methali hubandikwa kwenye picha ya machweo, ikazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na aliyeisambaza hajawahi kukaa nayo hata dakika mbili.

Wengi huisoma methali hii kana kwamba imesema: mwenye mawili aache moja. Haikusema hivyo. Haikumkataza mtu kushika. Inaeleza tu yale ambayo kwa kawaida humpata, na uzito wote imeutundika kwenye kitenzi cha mwisho, ambacho tunakipita mbio kwa sababu tulikikariri tukiwa watoto.

Hebu tukae nacho. Embe huanguka; haliponyoki. Kuku anayepelekwa sokoni huponyoka, kambare aliyetolewa matopeni huponyoka, kisu kilicholowa mafuta huponyoka. Wanaofuatilia nasaba za maneno hukiweka kitenzi hiki katika ukoo mmoja na pona na ponya: kilichoponyoka kimeokoka na mkono uliokishika. Tena tazama nani anatendwa: hu-m-ponyoka. Mshikaji hakuamua lolote. Hakusema, "Hiki nakitua hapa." Alidhani bado anacho, akafumba kiganja, akakuta hewa.

Hapo ndipo mimi na yule mzee tunapoachana. Yeye anahesabu vitu: viwili ni vingi, toa kimoja. Mimi naisikia methali ikimsema mtu asiyetaka kukiri kwamba mikono yake ina mwisho, anayeendelea kutembea akijidanganya kwamba bado ameshika. Aliyekiri, akakitua kimoja mahali salama, mbele ya watu, akajua nani anakilinda na yeye atakirudia lini, huyo ameweka. Methali hii haimhusu.

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha pamoja aliniambia nacheza na maneno. Mtoto aliyeachwa, alisema, ameachwa, utumie kitenzi chochote upendacho. Sikumjibu upesi, maana mimi mwenyewe nina deni hapo.

Mwaka 1984 niliingia chuo cha ualimu nikiwa na binti wa miaka miwili. Nilimwacha kwa mama yangu, Mbololo. Kila likizo ilipokwisha niliondoka alfajiri angali usingizini, ili asilie. Niliona ni huruma. Sikumwambia naenda, sikumwambia nitarudi. Likizo ya tatu nilimkuta anamwita nyanya yake mama, na mimi akaniita shangazi. Watu wa nyumbani walicheka sana. Miaka arobaini imepita, na kicheko kile bado nakisikia nikiwa peke yangu. Basi methali ilinipata sawasawa. Lakini nikijichunguza bila kujionea haya, naona mwanangu aliniponyoka zile alfajiri nilizotoka kwa kunyata. Masomo yalinipa safari tu. Kunyata nilijifunza mwenyewe.

Wanaosoma Biblia na wanaosoma Kurani wote wanamjua mama yake Musa. Amri ya Farao ilikuwa kali, na mtoto hafichiki tena. Angeweza kumng'ang'ania kifuani mpaka askari wabishe hodi, na sote tungemhurumia, na mtoto angepotea. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba alitwaa kisafina cha mafunjo, akakipaka lami kisiingie maji, akakiweka kwenye majani kando ya mto, na dada wa mtoto akasimama mbali kutazama. Mwanamke huyu alikuwa na machozi kama mama yeyote, lakini machozi yake hayakumzuia kuziba nyufa. Mwisho wake akaitwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, kwa mshahara. Ndugu zangu, mahubiri ya sikukuu ya akina mama yangekuwa na faida zaidi kama yangemtaja huyo dada aliyesimama kando ya mto. Bila yeye kisafina ni jeneza.

Ni nani basi amesimama kando ya mto huku Mwakingali?

Baba wa watoto ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na akikwamishwa mpakani hukaa wiki mbili bila kuonekana. Ameshika mbili tangu mtoto wa kwanza azaliwe: usukani na ubaba. Sijasikia mzee yeyote akimkohozea. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na sarufi nayo inakubaliana na Katiba: ile m- ya mshika ni ya mtu, mume au mke. Sisi ndio tuliomfunga leso.

Wala sitawaacha wale wa upande wa pili, wahamasishaji wa kwenye semina, wanaomwambia kila mama kwamba hakuna lisilowezekana, amka saa kumi, jiamini. Humtaja Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyepewa tuzo kubwa ya wauguzi duniani huko Dubai mwaka 2022. Nami namheshimu bila kiasi. Ila tuzo ya Dubai haimbembelezi mtoto wa Voi usiku. Hawa nao wamelikwepa lile lile neno. Wanataka mama ashike vyote viwili akitabasamu, na kimoja kikiponyoka watasema hakujiamini vya kutosha.

Uuguzi haukubali utani huo. Kuna darasa, kuna wodi, kuna zamu za usiku, kuna kitabu cha mazoezi ambamo kila ulichofanya lazima kitiwe saini, kuna majuma ya kupelekwa kwenye zahanati za mbali. Huwezi kumwambia mzazi aliyeshikwa na uchungu akusubiri ukanyonyeshe. Na kuna jambo linalonichekesha bila kunifurahisha. Wanafunzi hawa watafundishwa kuwaambia akina mama kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha aendelee, pamoja na chakula kingine, hadi miaka miwili au zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mwanafunzi hana mwajiri. Atalisema somo hilo huku kifua kimejaa na mwanawe yuko kilomita mia moja na hamsini.

Siku tatu baada ya kikao yule mama kijana alikuja kwangu jioni, mdogo mgongoni. "Mwalimu," aliniuliza, "nishike ipi?"

"Mwanangu, hilo uliza baadaye. Niambie kwanza: ni Jumanne, saa nane za usiku, wewe uko wodini, huyu ana homa. Nani anaamka?"

Akafikiri. "Mama mkwe ana mgongo, hawezi kumbeba."

"Baba yake?"

"Labda akiomba ruti fupi, ya Mombasa na Voi."

"Amekubali?"

"Hajaulizwa."

Hajaulizwa! Watu kumi na wawili, saa nzima, sufuria mbili za chai, na hakuna aliyempigia simu yule aliyekuwa akiendesha lori huko Eldoret. Methali ilikuja kutupumzisha na swali ambalo lingetugharimu. Ndiyo maana tuliipokea kwa moyo mkunjufu namna ile. Na wahenga hao hao walituachia nyingine ambayo siku ile haikumjia mtu mdomoni: mkono mmoja haulei mwana.

Nilimpa maoni yangu, nayo nayatoa hapa bila kuyapamba. Kama kabla ya siku ya kuripoti kila usiku wa juma una jina la mtu, aende. Mdogo aende naye, akodishe chumba Mombasa, awe na mlezi anayemjua. Mkubwa abaki, lakini aambiwe kwa maneno yake ya kitoto mama anakwenda wapi na atarudi lini, tena aambiwe akiwa macho, hata akilia stesheni nzima igeuke. Kama majina hayakupatikana, aulize chuoni iwapo nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja, hadi mtoto aachishwe ziwa. Akisogeza, amekiweka kimoja chini kwa mkono wake, na anajua amekiweka wapi.

Na wewe mzee wangu, uliyetuachia methali ukaenda zako. Najua una Probox nzuri, na najua Jumamosi huna shughuli. Stesheni ya treni iko nje kidogo ya mji, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na begi la nguo chafu hawezi kutembea mpaka Mwakingali kwa jua letu hili. Asubuhi treni ya kutoka Mombasa ikisimama, uwe umeshafika.