Kumvua Mtu wa Kale na Kumtumaini Mungu



Siku moja, baada ya mafundisho, mama mmoja mzee alibaki nyuma ya wenzake. Alikaa kwenye benchi la watoto wa darasa la pili, akaweka mikono juu ya magoti, akaniuliza: «Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili katika mafundisho. Hirizi nimezitupa. Pombe ya kulevya nimeiacha. Lakini nikimwona jirani yule aliyenitukana, ulimi wangu unawasha kama zamani. Je, nilimdanganya Mungu? Au yeye hakunipokea?»

Sikumjibu upesi. Kwa maana swali hilo si la mama mmoja tu. Ni swali la kila mtu aliyejitoa kwa Mungu kwa moyo wa kweli, kisha akamkuta mtu wa kale bado anakaa mlangoni. Basi tulitafakari pamoja.

Mtakatifu Paulo, katika barua yake kwa Waefeso, sura ya 4, awaambia wakristu wamvue mtu wa kale na kumvaa mtu mpya. Mtu huyo wa kale ni nani? Si wazee wetu, wala si desturi zao zote. Heshima kwa wakubwa na ukarimu kwa mgeni ni mali njema, nasi tuzitunze. Mtu wa kale ni nafsi ile ijipendayo yenyewe kuliko Mungu na kuliko jirani. Yumo ndani ya kijana wa mjini na ndani ya mzee wa kijijini. Yumo ndani ya katekista pia.

Wengine husema: «Kaza meno, ujitahidi, utamshinda.» Wengine husema: «Keti tu, Mungu atafanya yote.» Majibu haya mawili yamepungua. Ili mfahamu, tazameni muhogo.

Ninyi nyote mnaujua muhogo mchungu. Umetoka shambani, ni mweupe, ni mzuri kwa macho, lakini ndani yake mna sumu. Mama zetu hufanyaje? Wanaumenya, wanautia majini, katika kijito au katika kidimbwi, wanauacha humo siku tatu au nne mpaka uwe laini. Ndipo wanauanika juani, wanautwanga, na unga wake unakuwa bugali wa watoto. Sasa niambieni: ni nani aliyeitoa sumu? Muhogo haukuitoa wenyewe. Hata ungekuwa na nguvu za tembo usingeweza kuisukuma nje. Kazi ilifanyika majini, polepole, usiku na mchana, mama akiwa amelala. Walakini muhogo ulipaswa kumenywa, na ulipaswa kukaa.

Na mtu akifanya haraka? Huko Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, daktari mmoja jina lake Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa ambao wenyeji huuita konzo. Mtu mwenye afya anaona miguu yake imekakamaa ghafula, wala hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Baadaye madaktari walitambua kwamba ugonjwa huu huwapata hasa watu walao muhogo mchungu kila siku bila chakula kingine cha kutosha, nao wameutoa majini kabla ya wakati. Kwa nje unga ni ule ule mweupe. Lakini sumu imebaki.

Ndugu zangu, siwafundishi jambo hili kama mtu asimamaye ukingoni akiwatazama wengine majini. Miaka saba iliyopita, wakati wa mvua, mtoto wetu wa pili alishikwa na homa. Tulingoja nyumbani siku mbili, tukisema itapita. Siku ya tatu nilimpeleka kwenye kituo cha afya kwa baiskeli. Mwuguzi alisema ni malaria, nayo imekwisha kupanda kichwani. Mtoto alifariki jioni ile ile.

Kwenye kilio watu walianza kunong'ona jina la baba yangu mdogo, kwa sababu tulikuwa tumegombana naye juu ya mpaka wa shamba la michikichi. Mbele ya watu nilisema: «Mkristu hamshitaki mtu kwa ulozi.» Lakini moyoni nililipokea jina lile kama mwenye njaa apokeavyo chakula. Nikimwona njiani, niligeukia njia nyingine. Sikula tena nyumbani kwake. Na asubuhi nilisimama mbele ya watoto wa shule, nikawafundisha amri ya nane, inayotukataza kumsingizia jirani.

Hivyo ikapita miaka miwili. Mwishowe nilimwendea Padri, nikamweleza yote. Aliniuliza neno moja tu: «Mtoto alikaa nyumbani siku ngapi kabla hujampeleka?» Nilinyamaza. Hapo ndipo niliposikia kisu kikipita juu ya ganda. Kwa maana mtu wa kale ndani yangu hakutaka kusikia neno «tulichelewa». Alipenda neno «tulilogwa». Neno hilo lilimpa mtu wa kumchukia, likamficha baba aliyengoja.

Padri hakunikemea. Alisema: «Zile siku mbili Mungu anazijua tangu zamani, naye hajakuacha. Mwachie yeye siku zile. Kisha nenda ukale kwa baba yako mdogo.»

Wapenzi, hapa ndipo pana kiini cha mafundisho ya leo. Hakuna mtu awezaye kukubali kumenywa na mkono asioutumaini. Tukidhani Mungu anatutafuta ili atuangamize, tutalishika ganda letu kwa mikono miwili: tutajitetea, tutamtafuta mwingine wa kumtwika kosa letu. Lakini tukiamini kwamba yeye ni Baba, tutathubutu kusema: «Bwana, mimi ndimi niliyekosa.» Ndiyo sababu kumwacha mtu wa kale na kumtumaini Mungu si mambo mawili. Ni jambo moja.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Alikuwa anasuka kikapu. Hakusema mengi, alimwita mke wake, wakaniletea bugali na sombe. Nilikula, na mkono wangu ulitetemeka. Je, mashaka yaliisha siku ile? Hapana. Usiku ule niliamka nikalishika tumbo langu, nikingoja maumivu ambayo hayakuja. Juma lililofuata mashaka yalirudi, na mwezi uliofuata pia. Kila yaliporudi nilisali, kisha nikaenda tena kumsalimu.

Mwaka jana mtoto wetu mdogo alipata homa usiku. Nawaambieni kweli: kabla sijatoka kitandani, lile wazo la zamani lilikuwa limekwisha kufika. Lakini safari hii halikupewa kiti. Tulimbeba mtoto usiku ule ule mpaka kituo cha afya, naye alipona. Kwa maana kumtumaini Mungu si kukaa nyumbani bila kwenda kwa daktari. Dawa nzuri nayo ni zawadi yake. Na aliyetuangazia njia kwa taa alikuwa baba mdogo yule yule.

Basi msishangae mkiona mtu wa kale anarudi. Eklezia hufundisha kwamba Ubatizo huondoa kweli kweli dhambi ya asili na dhambi zote tulizozitenda, wala hausazi hata moja. Lakini tamaa, yaani mwelekeo wa kutenda mabaya, hubaki ndani yetu ili tupigane nayo kwa neema ya Kristu. Kusikia tamaa si dhambi. Kuikaribisha na kuitii, hiyo ndiyo dhambi.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alibatizwa na Mtakatifu Ambrosio huko Milano usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Miaka kama 10 baadaye, akiwa askofu, aliandika kitabu cha Maungamo yake. Katika sehemu yake ya kumi hasemi kwamba amekwisha kushinda yote. Anakiri kwamba picha za maisha yake ya kale bado humjia, hata usingizini, naye anamwomba Mungu amponye. Askofu na mwalimu mkubwa wa Eklezia hakuona haya kusema kwamba bado yumo majini. Mbona sisi tuone haya?

Tena wengine kati yenu hunung'unika: «Mafundisho ni marefu mno!» Jueni kwamba zamani Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe kwamba watu wazima wasibatizwe kabla ya kujiandaa miaka minne, isipokuwa katika hatari ya kufa. Hakutaka kuwasumbua babu zetu. Aliwapenda, kwa hiyo hakutaka imani yao iwe nyeupe kwa nje tu.

Tena kukaa huku hutuandaa kwa saa tusiyoijua. Katika mji wa Goma, kijana mmoja mkristu, Floribert Bwana Chui, alifanya kazi ya kuchunguza bidhaa mpakani. Watu walimpa fedha ili aruhusu vyakula vilivyooza vipite, viuzwe kwa watu. Alikataa. Kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Na tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye heri. Kijana huyo hakuanza kumpenda Mungu siku ile walipomletea fedha. Miaka mingi, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa akiwahudumia watoto wa barabarani. Saa ilipofika, fedha hazikupata ndani yake mahali pa kukaa.

Lakini kila mfano una mwisho wake. Muhogo hauna hiari. Hauwezi kuinuka na kutoka mtoni. Sisi tunaweza, na mara nyingi tunatoka: tunapoacha sala kwa sababu tumeanguka, tunapokimbia mafundisho kwa sababu ya aibu, tunaposema, «Mimi sifai.» Kumbe aliyeanguka ndiye ayahitajiye maji zaidi! Kukaa, hapo ndipo ilipo kazi yetu. Kusafisha ni kazi ya Mungu.

Basi nilimjibu mama yule hivi: «Mama, zamani ulimi wako ukiwasha ulitukana, kisha ulilala usingizi mzuri. Leo unawasha, unaona uchungu, unakuja kuuliza. Mungu alikupokea. Usitoke majini.» Alicheka kidogo, akajifunga kitenge chake, akaenda zake. Dominika iliyofuata nilimwona amekaa benchi moja na jirani yake yule. Hawakuongea, lakini walikaa pamoja.

Nanyi, wapenzi, leo jioni kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize maswali matatu. Ni kitu gani ninachokificha chini ya ganda? Ni nani ninayemtwika kosa langu mwenyewe? Ni nyumba gani nisiyotaka kula? Mkiisha kujibu, msiogope. Mwambieni Mungu kwa maneno yenu wenyewe: «Baba, tazama, huyu ndiye mimi. Siwezi kujisafisha. Najiweka mikononi mwako, unisaidie nisitoke.» Na kesho mwende kwenye nyumba ile.

Bwana wetu Yesu Kristu aliyeianza kazi njema ndani yenu aitimize, mpaka siku ya Ubatizo wenu na baada yake, mpaka mtakapomwona uso kwa uso. Amina.