Kupima shule bila kumpunja mtoto

Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, halikutaja shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora kama ilivyozoeleka. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba utaratibu ule ulikuwa unazitangaza shule kibiashara. Wapo waliolalamika. Mimi naona swali kubwa halikuulizwa: ile "bora" ilikuwa inapima nini?

Ndugu msomaji, shule inayochukua watoto kwa usaili mkali, kisha ikawachuja tena njiani, ikipata divisheni wani tupu, imefundisha nini zaidi ya shule ya kata iliyompokea kila aliyepangiwa? Wastani hupandishwa kwa njia mbili: kumfundisha aliye dhaifu mpaka aelewe, au kumwondoa. Kwenye orodha njia zote mbili zinaonekana sawa, na ya pili ndiyo rahisi. Mzazi anaitwa ofisini, anaambiwa mwanawe hajafikia wastani wa shule, ahame au arudie darasa. Ada ya miaka miwili imekwishaliwa, na hairudishwi!

Tukisoma Suratul Mutaffifin tumezoea kumfikiria muuza mchele na mizani yake. Lakini anayepokea ada kamili kisha akamtupa mtoto ili hesabu zake zipendeze, naye ana mizani mkononi. Inasikitisha kuwa katika mashindano haya zimo pia shule zetu wenyewe.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka matokeo yafichwe. Utafiti wa Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009, uliwafuata watoto majumbani na kuwapa majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Ikabainika kuwa wengi waliokwisha kulivuka darasa hilo hawayawezi. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu yake, maana hapakuwa na shule iliyokuwa ikiwania nafasi. Ila kipimo kile kilikuwa cha sampuli, hakimwambii mzazi wa Manzese lolote kuhusu shule ya mwanawe.

NECTA inazo namba za kila shule: waliofanya upimaji wa kidato cha pili, na waliofika kidato cha nne miaka miwili baadaye. Zichapishwe bega kwa bega na madaraja ya ufaulu. Shule iliyokuwa na watoto tisini ikapeleka sitini, ieleze thelathini wako wapi.