NYUKI WA MSITUNI NA WAJIBU WA MTAFUTA HAKI

Katika Sura An-Nahl (16:69-70) Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba Yeye ndiye aliyemfunulia nyuki kujenga makao yake milimani, mitini na katika majengo ya watu. Kisha akabainisha kuwa katika jambo hilo mna Ishara. Lakini Ishara hiyo hakuahidiwa kila amwonaye nyuki, bali kila afikiriye.

Wakazi wa Ngara na Biharamulo wanawajua tangu zamani nyuki waumao, na wale wadogo wasiouma, ambao huweka asali yao katika vijungu vya nta na utomvu. Lakini katika misitu ya miombo wamo nyuki wengine: weusi watoboao miti mikavu, wakatao majani kwa mviringo, na wachimbao ardhi, kila jike na shimo lake. Hawa hawana asali ya kurinwa, basi watu huwapita bila kuwatazama. Wataalamu wamekwisha orodhesha aina zaidi ya 20,000 za nyuki duniani, na bado hesabu haijakoma.

Je, aina mpya huthibitishwaje? Mchunguzi hamkamati nyuki leo na kumtangaza kesho. Humkausha, huandika mahali na tarehe alipopatikana, huchungua kwa hadubini mishipa ya mabawa, ulimi na nywele zake, kisha humlinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Akiridhika, humpa jina na kuchapisha sifa zake. Na kielelezo chenyewe huhifadhiwa ili hata ampingaye aweze kukikagua.

Mwaka 1961 Bwana F. G. Smith, mtaalamu wa ufugaji nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza jamii mbili za nyuki wa asali: wa milimani, aliyemwita *monticola*, na wa pwani, aliyemwita *litorea*. Babu zetu walikuwa wamerina asali yao karne nyingi. Nyuki hawakuwa wapya. Ujuzi ndio uliokuwa mpya. Mwaka 2004 Connal Eardley wa Afrika Kusini aliwapitia tena nyuki wasiouma wa Afrika, na majina kadhaa yaliyodhaniwa kuwa ya aina mbalimbali yakaonekana kuwa ya aina moja.

Basi wewe utafutaye haki, jipime. Ikiwa mdudu mdogo hahukumiwi kabla ya kutazamwa, vipi dini ya mtu ihukumiwe kwa uvumi wa sokoni? Kurani Tukufu (17:37) yatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, kwani sikio, jicho na moyo vitaulizwa. Usikubali kwa kuwa jirani amekubali, wala usikatae kwa kuwa ukoo umekataa. Taka kielelezo, na hoja ikikushinda, usione haya kuacha jina ulilozoea.

Tena Kurani (6:39) yafundisha kwamba wanyama na ndege ni jamii kama sisi. Mwaka 2019 sehemu ya misitu hiyo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lakini hifadhi haimwondolei mtu dhamana yake. Akataye mti mzima kwa ajili ya asali ya siku moja, au auachaye moto wa kurinia ukaenea, aweza kufuta jamii ambayo hakuna mwanadamu aliyeisoma bado. Huko ni kuichoma Ishara kabla ya kuifikiri.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona na mioyo ya kufikiri. Amin.